Mali kauli ya Walebanoni wa Marekani

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, daktari mmoja wa upasuaji aliingia katika duka kubwa mjini Houston, Texas, akiulizia kitambaa cha nailoni. Muuzaji akamjibu kuwa nailoni imekwisha, ila kuna kitambaa kipya kinachoitwa Dacron. Daktari akakipapasa, kikamridhisha, akanunua yadi moja na kurudi nayo nyumbani. Huko akakaa kwenye cherehani ya mkewe, akakata, akashona mrija. Kutokana na mrija ule ilipatikana mishipa ya bandia ambayo hadi leo madaktari huipandikiza pale mshipa mkuu wa damu utokao moyoni unapotanuka na kutaka kupasuka.

Daktari huyo ni Michael DeBakey. Alizaliwa Lake Charles, Louisiana, mwaka 1908, na jina la ukoo, kabla ya ndimi za Wamarekani kulikunja, lilikuwa Dabaghi. Baba yake Shaker na mama yake Raheeja walihamia kutoka Lebanoni. Kushona alifundishwa na mama yake, fundi aliyewafundisha pia wasichana wa mtaani. Mwaka 2006, akiwa na miaka 97, DeBakey mwenyewe alipasuliwa mshipa ule ule kwa njia aliyoibuni yeye, akawekewa kipande cha Dacron, akapona, akaishi hadi Julai 2008.

Nimeanza naye makusudi. Kila yanapotajwa majina makubwa ya Wamarekani wenye asili ya Lebanoni, hakosi mtu wa kusema: wale ndivyo walivyo, akili na biashara zimo kwenye damu. Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni, barazani na sokoni, yakisemwa juu ya Mshihiri wa dukani, juu ya Mchaga, juu ya Mkinga, juu ya Mkikuyu. Yanaonekana kama sifa. Mimi nayachukia, kwa sababu yanafuta kazi ya watu. Yanamfuta Raheeja na sindano yake, yanamfuta aliyekopesha mtaji, yanamfuta hakimu aliyeamua nani apite na nani abaki nje. Na yakishazoeleka, ni hatua moja tu kutoka kumsifu mtu kwa damu yake hadi kumwinda kwa damu hiyo hiyo. Nchi zetu zinalijua hilo.

Twende basi mlimani kulikoanzia mambo. Mlima Lebanoni wa karne ya 19 uliishi kwa hariri, neno ambalo sisi na wao tunalitamka karibu sawa. Wakulima walipanda miforosadi, wakafuga viwavi kwa majani yake, na nyuzi zikapakiwa Beirut kwenda Lyon, Ufaransa. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, hariri ya China na Japani ikaanza kufika Ulaya kwa urahisi. Bei ikaanguka, madeni ya wakulima yakabaki pale pale. Mashamba yenyewe yalikuwa matuta membamba kwenye mteremko, na kila urithi ulipogawanywa yalizidi kuwa membamba. Inakadiriwa kuwa kati ya 1890 na 1914 theluthi moja ya watu wa mlima ule waliondoka. Wengi walikusudia kukaa ughaibuni miaka michache, wachume, warudi wajenge nyumba ya vigae vyekundu, na wapo waliorudi kweli. Kisha vita ya 1914 ikafunga bahari, nzige wakala mazao mwaka 1915, na njaa ikaua watu wa mlimani kwa makumi ya maelfu. Aliyekuwa Boston au Detroit akipanga safari ya kurudi akajikuta hana wa kumrudia.

Walifikia New York, kwenye Mtaa wa Washington, ncha ya kusini ya kisiwa cha Manhattan. Pakaitwa Syria Ndogo, kwa kuwa wakati huo Lebanoni ya leo ilihesabiwa kuwa Syria chini ya dola la Waturuki. Mtaji hawakuwa nao. Walichokipata pale ni kitu ambacho mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo anakielewa bila kufafanuliwa: mali kauli. Mwenye duka la jumla, mara nyingi mtu wa kijiji kimoja na mgeni, alimjazia mzigo wa mgongoni: sindano, nyuzi, vifungo, lesi, rozari, na misalaba midogo ya mbao iliyosemwa imetoka Nchi Takatifu. Akamfundisha maneno mawili matatu ya Kiingereza, akamwelekeza kwenye treni. Uza, ule, urudi unilipe. Mgeni akazunguka mashamba ya Ohio, Iowa na Dakota kwa miguu, akibisha nyumba hadi nyumba, akilala ghalani pale alipokaribishwa. Hiyo ndiyo damu inayosifiwa. Ilikuwa mkopo wa mtu anayemjua mama yako, na aibu ya habari kufika kijijini kwamba hukulipa.

Wachuuzi wengi walikuwa wanawake, na hili halitajwi inavyostahili. Mke wa mkulima aliye peke yake nyumbani alikuwa mwepesi kumfungulia mwanamke mwenzake kuliko mwanamume asiyemjua. Kamila, mama wa mwandishi Khalil Gibran, alifika Boston mwaka 1895 na watoto wanne, mume akiwa amebaki nyuma. Alitembeza lesi na vitambaa mlango kwa mlango katika mitaa ya matajiri hadi mwanawe mkubwa, Boutros, akafungua kiduka. Kati ya Aprili 1902 na Juni 1903 kifua kikuu kilimchukua binti mdogo Sultana, kikamchukua Boutros, na saratani ikamchukua Kamila mwenyewe. Wakabaki Khalil na dada yake Marianna. Marianna akashona nguo za watu katika karakana ya Boston, na ujira wake ndio uliomlisha kaka aliyekuwa akichora na kuandika. Gibran alipotoa kitabu chake maarufu mwaka 1923, kile kinachosomwa hadi leo kwenye harusi na mazishi, dunia ilimpa jina la nabii. Marianna hakuwahi kujifunza kusoma. Kila ninapoona maneno ya Gibran yamebandikwa kwenye picha za mitandaoni, namfikiria dada huyo na vidole vyake.

Lakini mali kauli peke yake isingewafikisha kwenye Seneti. Sheria ya uraia ya Marekani ya mwaka 1790 ilimruhusu mgeni kuomba uraia ikiwa tu ni mtu mweupe aliye huru. Mwaka 1870, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakaongezwa watu wenye asili ya Afrika. Wahamiaji wengine wote walilazimika kumshawishi hakimu kwamba wamo upande mmoja kati ya hiyo miwili, na hakuna niliyemsoma aliyechagua kuthibitisha kuwa ni mweusi. Aliyeikabili sheria hiyo hadi mwisho ni George Dow, mzaliwa wa Batroun, pwani ya Lebanoni, aliyekuwa akiishi South Carolina. Mwaka 1914 jaji alimkatalia: Msyria ni mtu wa Asia, si mweupe kwa maana ya waliotunga sheria. Jumuiya ya Wasyria ikachanga fedha za mawakili. Mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba Yesu alizaliwa upande wao wa dunia, hivyo kumkataa Msyria ni kumkataa Yesu mwenyewe. Jaji hakuijali. Mahakama ya rufaa, Septemba 1915, ikageuza hukumu na kusema Wasyria ni weupe.

Naomba msomaji asipite haraka hapa. Mwaka 1922 Mahakama Kuu ya Marekani ilimkatalia Mjapani Takao Ozawa, aliyesoma Marekani na kulea watoto kwa Kiingereza. Mwaka 1923 ikamkatalia Bhagat Singh Thind, Kalasinga aliyevaa sare ya jeshi la Marekani katika vita kuu. Mwaka 1942, kule Michigan, jaji alimkatalia Ahmed Hassan, Myemeni, akitaja weusi wa ngozi yake na dini yake ya Kiislamu kuwa ni dalili kwamba hawezi kuchanganyika na Wakristo wenye asili ya Ulaya. Huyu Ahmed Hassan anatoka katika nchi ya Washihiri wa pwani yetu. Kati yake na George Dow, wote wawili wasemaji wa Kiarabu, kulikuwa na hukumu moja tu ya mahakama na msalaba mmoja. Dow aliweza kupiga kura. Katika majimbo kama California, ambako tangu 1913 asiyestahili uraia alizuiwa kumiliki shamba, watu wa Dow waliweza kumiliki. Watoto wao, hata katika Kusini ya ubaguzi, walikaa kwenye madawati ya shule za weupe.

Walebanoni hawakuiambia mahakama kwamba sheria ile ni dhuluma. Walisema wao hawamo miongoni mwa wanaodhulumiwa nayo. Siwatupii jiwe, mtu aliyeuza lesi miaka kumi akitafuta pa kulaza wanawe hana wajibu wa kupigana vita vya kila mtu. Hata hivyo, nikihesabu sababu za mafanikio yao, hukumu ile naiweka juu kabisa, na wanaosimulia habari hizi kama hadithi ya juhudi tupu wanawadhulumu waliojitahidi vile vile na kukuta mlango umefungwa. Na hata wao mlango haukuwa wazi wote. Sheria ya uhamiaji ya 1924 iliwapa Syria na Lebanoni nafasi 100 tu kwa mwaka. Mwaka 1929, katika mji wa Lake City, Florida, mke wa mwenye duka Msyria alipigwa risasi na polisi akafa, na mumewe akachukuliwa mahabusu usiku na kuuawa na genge. Weupe wao ulikuwa wa karatasi, na karatasi huchanika.

Katika sensa ya 2020, watu zaidi ya 685,000 waliandika kwamba asili yao ni Lebanoni, wengi kuliko kundi lolote jingine la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini nchini humo. Fomu iliwahesabu wote kuwa weupe. Machi 2024 serikali ya Marekani iliamua kuweka kisanduku kingine kwa watu wa eneo hilo, miaka 109 baada ya Dow. Waliokidai kisanduku hicho ni wajukuu na vitukuu wa wale waliokikimbia.

Sasa nimfikie ninayempenda kuliko wote. Danny Thomas alizaliwa Deerfield, Michigan, mwaka 1912, jina lake la kuzaliwa Amos Muzyad Yakhoob Kairouz. Wazazi wake walitoka Bsharri, mji ule ule wa Gibran. Akawa mchekeshaji, na kabla ya televisheni kumfanya maarufu alipita katika dhiki. Mke ana mimba ya kwanza, mfukoni hamna kitu. Akaingia kanisa moja la Detroit, akaweka nadhiri kwa Mtakatifu Yuda Tadei: nionyeshe njia, nami nitakujengea mahali pa kukuheshimu. Mambo yalipomnyookea hakuisahau. Mwaka 1957 aliwakusanya wenzake wa asili ya Lebanoni na Syria kutoka kila pembe ya Marekani, watoto wa wachuuzi, akawaambia watakuwa wachangishaji wa hospitali ya watoto. Chama hicho kinaitwa ALSAC. Herufi ya pili na ya tatu ni Lebanoni na Syria, na hivyo mamilioni ya Wamarekani huchangia kila mwaka kupitia jina la Walebanoni na Wasyria pasipo kujua.

Hospitali ya St. Jude, yaani Mtakatifu Yuda huyo huyo, ilifunguliwa Memphis, Tennessee, Februari 4, 1962. Huo ni mji ambamo mtu mweusi alikuwa bado akitengewa bomba lake la maji. Ndani ya St. Jude watoto weusi na weupe walilazwa wodi moja tangu siku ya kwanza, na madaktari weusi wakaajiriwa. Familia haitumiwi bili, si ya dawa, si ya nauli, si ya chakula, si ya malazi. Mzazi yeyote wa kwetu aliyewahi kusimama kwenye dirisha la malipo na mtoto mgongoni, akiambiwa amana kwanza, anajua uzito wa sentensi hiyo. Kwa ile saratani ya damu inayowapata watoto zaidi, mwaka 1962 waliopona walikuwa kama 4 katika kila 100. Leo, kwa watoto wanaotibiwa hapo, ni kama 94. Wazazi walikuwa wamesimama mahakamani kujitenga na watu weusi; watoto wao wakajenga wodi isiyotenga.

Wengine nitawapita mbio, si kwa kuwadharau. Elias James Corey alipata Nobeli ya kemia mwaka 1990. Charles Elachi, mzaliwa wa bonde la Bekaa, aliongoza maabara ya NASA iliyopeleka magari kwenye sayari ya Mirihi. Dick Dale, aliyezaliwa Richard Monsour, alijifunza mapigo ya ngoma za Kiarabu kwa ami yake akayahamishia kwenye gitaa la umeme, na vijana wa California wakadhani ni sauti ya mawimbi yao.

Ralph Nader anahitaji mstari mmoja zaidi. Baba yake Nathra alikuwa na mgahawa Winsted, Connecticut, ambako wateja walijua kwamba kahawa itakuja pamoja na mjadala wa siasa. Mama yake Rose, baada ya mafuriko ya 1955 kuubomoa mji, alimshika mkono seneta Prescott Bush kwenye mkutano na hakuuachia hadi alipoahidi kusaidia lijengwe bwawa la kuzuia maji. Bwawa likajengwa. Mtoto wa mama huyo mwaka 1965 alichapisha kitabu cha kuwashitaki watengenezaji wa magari. General Motors ikamwekea wapelelezi. Mwaka 1966 Bunge likapitisha sheria ya usalama wa magari. Wapo wasiomsamehe kwa uchaguzi wa 2000, alipogombea urais akapata kura zaidi ya 97,000 Florida, na George W. Bush akashinda jimbo hilo kwa kura 537. Mimi kila nikifunga mkanda wa gari nakumbuka mkono wa Rose.

Kuna wale ambao Marekani iliwapa mkoba wake na kuwatuma walikotoka wazee wao. Philip Habib, mtoto wa Brooklyn wa wazazi Wamaroni, Wakristo wa Lebanoni, ndiye aliyepatanisha mwaka 1982 ili wapiganaji wa PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, waondoke Beirut, na katika makubaliano hayo Marekani ilitoa ahadi kwamba raia wa Kipalestina watakaobaki watakuwa salama. Septemba 7 Rais Reagan alimvisha nishani ya juu ya raia. Septemba 16 wanamgambo wa Kilebanoni waliingia katika kambi za Sabra na Shatila, eneo likiwa limezingirwa na jeshi la Israeli, wakaua kwa siku tatu. Habib alikuwa mkweli, na alikufa na uchungu huo. Mkoba haukuwa wake.

Agosti 2025, Tom Barrack, ambaye mababu zake walitoka Zahle, alisimama katika ikulu ya Lebanoni kama mjumbe wa Trump akawaambia waandishi wa habari wawe wastaarabu, na akaufananisha mkanganyiko wao na unyama. Alijutia baadaye, lakini waliomsikia walikuwa watu wa nchi ya bibi yake. Na mwaka huo huo watu wa Goma na Bukavu walianza kulijua jina la Massad Boulos, mzaliwa wa Lebanoni, mfanyabiashara wa miaka mingi Nigeria, mkwe wa familia ya Trump kupitia mwanawe, akiwa mshauri wa rais kuhusu Afrika. Aprili alipita Kinshasa, Kigali, Kampala na Nairobi. Juni 27 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia saini Washington mkataba ambao pembeni yake yalizungumzwa madini. Nimesikia wenzetu wakijiuliza kama Mlebanoni, aliyeonja vita kwao, atawaelewa Wakongo zaidi. Ni swali la damu tena. Mchunguzeni kwa kilichoandikwa katika mkataba.

Yuko mmoja aliyerudi kwa namna nyingine. James Abourezk alizaliwa Februari 24, 1931, Wood, South Dakota, ndani ya Rosebud, eneo la Walakota, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Baba yake alitoka Lebanoni, akaanza kwa mzigo mgongoni akiwauzia Walakota na wakulima wa tambarare, hadi akafungua maduka mawili. Nyumbani walisema Kiarabu. Kiingereza mtoto alikikuta shuleni. Mwaka 1973 akawa Mwarabu wa kwanza kuingia Seneti ya Marekani, na miezi miwili baadaye wenyeji wa asili walipokikalia kijiji cha Wounded Knee, alikwenda kuzungumza nao. Wakati huo kati ya robo na theluthi ya watoto wa wenyeji hao walikuwa wakichukuliwa kutoka kwa wazazi wao na kupelekwa kwenye familia za weupe au taasisi. Abourezk aliongoza kamati iliyosikiliza mama mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1978 ikapita sheria aliyoiandaa: mtoto wa kabila akiondolewa kwao, ndugu zake na kabila lake wafikiriwe kwanza.

Alihudumu kipindi kimoja, hakugombea tena. Alifariki siku aliyotimiza miaka 92, Februari 24, 2023, huku sheria ile ikiwa mbele ya Mahakama Kuu, ikipingwa na jimbo la Texas na familia zilizotaka ifutwe. Juni 15 mwaka huo majaji 7 kati ya 9 waliiacha isimame, na watoto wa wateja wa baba yake wakabaki na haki ya kulelewa kwao.